Upande Ule wa Paini

Nkunga, 4 Septemba 2024

Mkamwana,

Ndiyo, upo. Haujakatwa, haujaanguka, haujaibiwa, ingawa hapa kwetu mtu aliwahi kuiba mlango wa choo mwenye choo akiwa ndani. Swali lako Hadijah muuza vitumbua kanifikishia pale stendi ya Kiwira ndani ya beseni lake. Karatasi imelowa mafuta nusu, ila nimesoma: "Baba, ule mti wa Ezron bado umesimama?"

Umefanya vizuri kuandika. Simu ina sauti, na sauti ya mkamwana kwenye sikio la baba mkwe, kwa ukoo wetu, haina tofauti na kukalia kiti kimoja. Meseji nazo siwezi, herufi za simu yangu siku hizi naona kama chawa wanatembea. Karatasi haimtazami mtu, wala haina pumzi. Miaka yote uliyoishi na mwanangu nimekujua kisogo tu. Nikija unapita nyuma ya nyumba, ukija napita migombani. Hata siku tunamzika Ezron, wewe ulikuwa ndani na akina mama, umejifunika khanga, mimi nje kwenye benchi, na ukuta katikati. Tulilia kila mtu upande wake kama redio mbili.

Basi nikujibu vizuri. Umewahi kupasikia pale juu mgongoni mwa kilima, shamba letu la mwisho, kwenye yale mawe meusi mepesi yaliyotemwa na mlima zamani? Pale nimepanda kila kitu. Ndizi zilikufa. Parachichi zilikufa. Chai ilikataa kuzaliwa. Nilipanda mlingoti, mti unaoota hata ukiutukana, ukakauka umesimama. Usiku wa Juni barafu inalala kwenye majani mpaka jua la saa tatu. Upepo ndio mwenye shamba.

Na katikati ya hayo mawe, mti wa Ezron. Mrefu kuliko kanisa. Jana nimesimama chini yake nikaangalia juu mpaka kofia ikaanguka. Mizizi imeingia kwenye jiwe, jiwe limepasuka vipande viwili, na mti umekaa katikati kama mtu aliyeamua ugomvi. Mimi nauza viatu vya mitumba, chaja, miche, mayai, na kila mteja namwambia huu ndio mzigo wa mwisho. Ila mbele ya ule mti sijawahi kutaja bei.

Kwa nini umeuliza?

Asajile, mwenye jina usiloruhusiwa kulitamka. Kwenye barua nadhani unaweza kulisoma bila kufungua mdomo.


Bulyaga, 9 Septemba 2024

Baba, shikamoo.

Barua yako nimeisoma nikiwa kwenye cherehani na wateja, nikacheka, wakadhani nacheka gauni lao. Msamehe Hadijah kuhusu mafuta.

Nimeuliza kwa sababu nahama, Baba. Kaka yangu wa Makete amesema nirudi nyumbani, ana chumba, na kule wana shule karibu. Atakuja na pikapu Lusungu akifunga shule, mwanzoni mwa Desemba. Hapa Bulyaga najiona kama nimeachwa kwenye kituo. Mume niliyemfuata hayupo, na nyie wengine naruhusiwa kuwaona kwa mgongo.

Kabla sijaondoka nataka mbegu ya ule mti. Ezron aliusema kila siku, lakini hakunipeleka hata mara moja. Alisema, "Baba yupo kule juu muda wote, mtagongana." Nataka Lusungu akue na kitu kilichopandwa na baba yake.

Ila lazima nijue ni paini gani. Kwetu Makete ndiko zilikojaa, tumezaliwa humo. Naomba uchukue tawi, uchomoe kifungu kimoja cha sindano, yale majani yake membamba, uhesabu ziko ngapi. Halafu uniambie zinaning'inia kama nywele zilizolowa, au zimesimama. Na matunda yake yakoje.

Mama Lusungu


Nkunga, 14 Septemba 2024

Mkamwana,

Kwanza nimeisoma ile ya kuhama. Nimeisoma, nimeikunja, nimeiweka mfukoni. Tuongee sindano.

Ni tatu. Nimechomoa kifungu cha chini, tatu. Nikadhani nimekosea, shule yangu unaijua, niliishia la tatu, kwa hiyo hiyo ndiyo namba ninayoiamini zaidi. Nikachomoa kingine, tatu. Nikapanda juu ya jiwe nikachomoa cha upande wa upepo, tatu. Mti mzima, mkamwana. Maelfu kwa maelfu kule juu, hakuna aliyekosea hesabu. Nilikaa chini kidogo.

Haziningʼinii. Zile za shamba la miti huku barabarani, ndizo zinaning'inia kama nywele za mtu aliyenyeshewa. Za Ezron ni fupi kidogo, zimesimama, ngumu, ukipitisha mkono zinakurudishia. Na matunda yamekaa shinani, yamelishikilia shina lenyewe, makundi makundi, kijivu, yamefumba kama ngumi. Mengine yana miaka mingi hapo, kuvu imeyaotea, bado yamefumba. Nimejaribu kulifungua moja kwa kisu. Nikajaribu kwa nyundo. Nikajaribu kwa meno, na hili jino la mbele sasa lina habari yake.

Alivyouleta mti huu sikukueleza. Alikuwa darasa la tano. Walikuja watu shuleni na miche, kila mtoto achukue mmoja, wakagawa mpaka ikaisha. Ezron hakupata. Kwenye udongo uliomwagika aliona kimche kimelala peke yake, cha aina nyingine, hata wenyewe hawakukijua. Akakileta kwenye kopo la mafuta ya kupikia. Akasema anakwenda kukipanda mgongoni. Nilicheka mbele ya watu. Nikamwambia, "Pale hata mawe yamefika kwa bahati mbaya." Akasema, "Sasa baba, si ndiyo kuna nafasi?"

Lusungu Jumapili alikuwa hapa kwa bibi yake. Sura zetu zote mbili anazijua, na ndiye pekee ninayeweza kumuuliza bila aibu. Nikamuuliza, mama yako yukoje? Akafikiri sana. Akasema, "Ana kidevu."

Asajile


Bulyaga, 19 Septemba 2024

Baba, shikamoo.

Mimi nilimuuliza babu yako yukoje, akasema una jino linalocheza. Sasa najua kwa nini.

Sindano tatu, zimesimama, fupi, matunda yameng'ang'ania shina. Nimempigia mama yangu, yeye amefanya kazi ya kitalu tangu msichana. Amesema, "Hiyo siyo ya kawaida ya huku." Anasema ni ndugu wa hizo za shamba la miti, lakini ngumu zaidi, inavumilia ukame na baridi kuliko dada zake. Aliwahi kuiona kitaluni mara chache, imechanganyika kwenye mbegu za nyingine. Wataalamu wanaiita Pinus greggii.

Kwa hiyo ilikuja kwa kupotea njia. Ezron aliposema mti wake hauna ndugu hapa Rungwe, nilidhani anajisifu.

Nitapanda mwenyewe siku moja kuyachuma matunda. Nitaangalia siku ambayo uko Kiwira.

Mama Lusungu


Nkunga, 29 Septemba 2024

Mama Lusungu,

Leo sina utani mwingi.

Jana sikwenda Kiwira, goti liliuma. Mchana likapona, nikapanda mgongoni. Nikiwa karibu na mti nikaona kisogo. Mimi kisogo chako nakijua kuliko kitambulisho changu. Ulikuwa umeinama, panga mkononi.

Nifanye nini? Kuita siwezi. Kukohoa ningekushtua ungegeuka. Nikajitupa kwenye majani makavu kifudifudi, kofia usoni, kama desturi inavyotaka. Nikalala hapo mzee mzima na mchwa wangu. Na nikasikia panga. Pa. Pa. Pa. Muda mrefu. Nikahesabu moyoni ni wapi unakata, shina au matawi. Nikataka kuinuka nipige kelele, mguu ukakataa, desturi imenikalia mgongoni kama gunia la viazi. Nikateremka kwa tumbo mpaka bondeni.

Sijarudi kuangalia. Nimekula mihogo, nimelala, nimeamka, sijarudi.

Kama umeuza kwa watu wa mbao, mti ni wa mumeo, sina neno. Kama umeukata kwa hasira ya sisi kukugeuzia visogo, hasira hiyo naielewa. Ila ungeniambia nikauage. Mimi ndiye niliyeucheka siku ya kwanza. Nilitaka niwe na siku ya mwisho nzuri zaidi.

Asajile


Bulyaga, 2 Oktoba 2024

Baba,

Rudi kwanza ukaangalie. Halafu endelea kusoma.

Umerudi? Haya.

Nilikuwa nafyeka. Majani yale makavu yalikuwa yamefika mpaka kwenye shina, cheche moja tu ingetosha. Kwetu hakuna mtu anayeacha paini imezungukwa na nyasi mwezi wa tisa. Nimefyeka duara kubwa, nimesafisha mpaka kwenye udongo mweusi. Wewe nilikuona, Baba, niliona gambuti mbili zimetoka majanini. Nikadhani ni mlevi wa kutoka kilabuni, nikasema nikimwamsha atanisumbua. Nikaendelea na kazi nikiwa namwogopa baba mkwe wangu mwenyewe.

Ule mti, Baba. Nililishika shina nikaweka sikio. Upepo ulikuwa juu kabisa, mimi chini sikuusikia, lakini ndani ya shina ulikuwa unasikika unashuka. Nimekulia kwenye mapaini, sijawahi kuweka sikio. Nilikaa pale mpaka nikasahau kuwa nina safari.

Nilichuma matunda machache. Hayakufunguka, kama ulivyosema. Jioni nilikuwa napiga pasi sare za shule, pasi yangu ya mkaa, nikaiegesha pembeni na tunda moja lilikuwa hapo mezani. Likalia ta. Nikaruka. Likalia tena. Nikaona magamba yanainuka moja moja, taratibu, kama mtu anafungua mkono uliokufa ganzi. Ndani kuna mbegu nyeusi, kila moja ina bawa jembamba kama la kumbikumbi. Nilimwita Lusungu. Tulikaa tunaangalia mpaka sare ikaungua kola.

Yalikuwa yanasubiri moto, Baba. Miaka yote hiyo.

Mbegu nimezisia kwenye viriba, vile vifuko vya miche, huku nyumbani.

Mama Lusungu


Nkunga, 3 Oktoba 2024

Mkamwana,

Nimekwenda. Upo. Duara limefyekwa kama kichwa cha mwanajeshi.

Ndaga fijo, asante sana. Mlevi wa gambuti anaomba radhi.

Asajile


Nkunga, 19 Oktoba 2024

Mama Lusungu,

Moto umepita. Jana, watu wako sokoni. Nani kawasha, hakuna anayejua na kila mtu anamjua. Ulianzia chini, upepo ukaubeba, mgongo wote ukaungua mpaka upande wa pili. Tulipanda na matawi mabichi kuuzima, ukatuangalia tu ukapita.

Kwenye duara lako ulifika ukasimama. Ukazunguka. Lakini joto lilipanda juu, nililiona, matawi ya chini yaliwaka yote kwa mara moja kama njiti za kiberiti. Na kwenye kelele za moto nilisikia ile ta yako. Ta, ta, ta, ta, shina zima. Nilidhani mti unavunjika mifupa.

Leo umesimama mweusi. Sindano za kati zimekuwa kahawia. Za juu sizioni vizuri, moshi na macho yangu. Shemeji zangu wanasema tuukate kabla haujaanguka, upate hata kuni.

Sijui nikujibu nini ukiuliza kama upo.

Asajile


Bulyaga, 21 Oktoba 2024

Baba, wasiukate. Nakuomba kwa magoti, ingawa hunioni. Kwangua gome kidogo kwa kucha, kwenye shina hapo ndani ya duara. Chini ya weusi kukiwa na unyevu na rangi ya kijani au nyeupe, uache mpaka mvua. Waambie shemeji zako mti ni wa Lusungu.

Prisca


Bulyaga, 14 Novemba 2024

Baba, shikamoo.

Hujaandika. Hadijah anasema uko mzima, unauza miavuli na unapandisha bei mawingu yakitanda. Nimeshukuru.

Za kwangu ziliota. Zilitoka na ile kofia ya mbegu kichwani, Lusungu akawa anazisalimia kila asubuhi. Sasa zimesimama hapo hapo. Haziendi mbele. Rangi imekuwa njano kama mtu mwenye malaria, na udongo niliotia ni ule mwekundu mzuri wa bustanini, maji nawapa, kivuli wanacho. Nimempigia mama. Akauliza swali moja: "Umechanganya na udongo wa chini ya paini yenyewe?" Sikuchanganya. Nilisahau, Baba, mtu wa Makete. Anasema paini haikui kwenye udongo usioijua, hata uwe mzuri vipi. Lazima umchukulie kidogo cha pale mama yake aliposimama.

Nimeanza kufunga vitu. Cherehani nimekiacha mwisho. Kaka anakuja baada ya wiki tatu hivi.

Sijui niulize au nisiulize kuhusu ule mkubwa.

Prisca


Nkunga, 27 Novemba 2024

Prisca, mkamwana wangu,

Uliza. Mimi nilinyamaza kwa sababu sikutaka kuandika kitu nusu. Nilikwangua gome siku ile ile uliyoniambia. Palikuwa na unyevu, rangi kama ndani ya tango. Nikanyamaza. Mvua ikaanza, nikapanda, hakuna kitu, majivu yamekuwa tope. Nikanyamaza. Halafu mvua zikakaza, nikashikwa na biashara ya miavuli, sikupanda tena mpaka leo asubuhi.

Sasa kaa chini, weka pasi mbali.

Nimefika kwenye ukingo wa ile sehemu iliyoungua nikasimama, kwa sababu ardhi ilikuwa na rangi ambayo sikuiacha. Nikadhani ni nyasi. Nikainama. Ni vimche, kila kimoja kina kofia ya mbegu kichwani. Nikatazama mbele, mpaka kwenye mawe, mpaka ndani ya nyufa za mawe ambamo mimi nilishindwa kuotesha hata mlingoti. Vimejaa, Prisca. Mgongo wote. Vimeteremka mpaka upande wa pili ambako upepo ulipeleka yale mabawa. Mtu akinipa kazi ya kuhesabu nitarudi shule.

Nikapiga magoti. Usidhani nilikuwa naomba, mguu tu ulikuwa hauna pa kukanyaga. Ila nilipofika chini nikaona basi, kwa kuwa nimeshafika, niombe.

Nilipopata akili nikatazama juu. Kilele kimetoa vidole vipya, vyeupe, vimesimama kama mishumaa kanisani. Chini mweusi, katikati kahawia, juu kijani. Upo. Nilisema kwa sauti, "Ezron, upo." Sikujua nitasema hivyo.

Yule mtoto aliokota kimche cha kupotea, kilichobaki baada ya wote kupata. Mimi nikacheka. Na kile kimche kikafumba ngumi miaka yote hiyo, kikinisubiri nimalize kucheka.

Sasa biashara. Umenijua mimi, siwezi kumaliza barua bila kuuza kitu. Nina mpango, usikilize mpaka mwisho.

Vichanga vyako vinaumwa, vinataka udongo wa chini ya mama yao. Ningeweza kukujazia mfuko Hadijah akaleta. Sijazi. Ukitaka udongo, njoo uchukue mwenyewe, Jumamosi, asubuhi umande ukikauka. Wewe panda kwa njia ya Kiwira. Mimi nitapanda kwa njia ya migombani, nitatangulia. Nitakuwa nimeegemea mti, upande wa jua linakozama. Wewe utakuja ukae upande linakochomoza. Nimeupima leo kwa mwili wangu. Nikikunja mabega na kuvuta tumbo ndani, lile shina linanificha mzima. Ezron alipoupanda haukuweza kuficha kidole. Umenenepa kwa kazi hii.

Hatutatazamana. Desturi ya macho itabaki mahali pake; ile ya sauti, mzee akilalamika, lawama ni yangu. Ila sauti itapita, kama ulivyosema upepo unapita ndani ya shina. Miaka yote sijakusikia ukisema hata "karibu". Mimi nitakuambia mambo ya Ezron ambayo hayaandikiki, mengine ni ya aibu, mengine ya kuchekesha, na wewe utaniambia ya kwako. Na nitakuambia kwamba mgongo ule ni wa Lusungu na wewe, nimeshawatangazia ukoo wote mbele ya mchungaji. Mimi najua kuuza. Wewe unajua kuotesha. Vile vyote kule juu vinahitaji mtu anayejua vipunguzwe vipi na vipandwe wapi, mimi nitavikanyaga tu.

Ukishasikia sauti yangu, na bado ukataka Makete, sitakuzuia. Nitakubebea sanduku mimi mwenyewe mpaka stendi, kinyumenyume ili nisikuone, na watu wa Kiwira wapate cha kuongea mwaka mzima. Udongo utabeba mfuko mzima, na mbegu, na baraka.

Ndiyo mpango wangu. Ukikubali, usinijibu kwa barua. Karatasi imetosha. Nitakapokuwa pale nitakohoa. Na wewe, ukishakaa upande ule, kohoa.

Asajile